Tutajuaje nafasi ya mtoto mchanga ipo kabla ya kutoa rufaa?

Muuguzi, wodi ya wazazi, hospitali ya wilaya:
Ndugu zangu, nawasalimu. Usiku wa kuamkia jana tulikuwa na mtoto njiti wa gramu 1,200 aliyehema kwa shida, nasi hatuna mashine ya kumsaidia kupumua. Nilipiga simu tatu: ya kwanza haikupokelewa, ya pili nikaambiwa wamejaa, ya tatu nikaombwa nisubiri muuguzi wa zamu arudi. Muda wote huo mama alikuwa amemweka mwanawe kifuani, ngozi kwa ngozi, nami nimeshika mrija wa oksijeni mkono mmoja na simu mkono wa pili. Gari la m-mama, ule mpango wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga, tulilipata kwa namba 115. Kilichokosekana ni mahali pa kulielekeza. Je, mtandao wa kompyuta hauwezi kutuonyesha nafasi zilizopo mkoani?

Mtaalamu wa mifumo:
Pole sana, dada. Mtandao unaweza. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya tunaoujaza, hukusanya takwimu za mwezi, kwa hiyo haijibu swali la usiku wa leo. Kinachotakiwa ni ukurasa mmoja ambao kila wodi huujaza zamu inapoanza, ukionyesha saa ulipojazwa, na taarifa ya zamu iliyopita ifutike yenyewe. Intaneti ikikatika, ujumbe mfupi wa simu utoshe.

Daktari wa watoto:
Tukubaliane kwanza tunahesabu nini. Kitanda kitupu si nafasi, kwa sababu njiti wa uzito huo anahitaji joto, oksijeni, mashine iliyo huru na muuguzi ambaye hajaelemewa. Nimewahi kuwa na vitanda viwili vitupu na muuguzi mmoja kwa watoto zaidi ya ishirini. Nina hofu nyingine pia: wodi inayoandika ukweli ndiyo itakayotumiwa watoto wote, na baada ya wiki chache nayo itajifunza kuandika kwamba imejaa. Kwa hiyo nafasi ikishaombwa ifungwe papo hapo, asiombewe mtoto wa pili.

Mwuguzi mstaafu:
London walikuwa na ofisi ya kuwatafutia wagonjwa vitanda tangu mwaka 1938, wakitumia simu tu. Nguvu yake ilikuwa kwamba anayetafuta si yule anayemhudumia mgonjwa. Ukurasa huo wapewe wanaopokea simu za 115, wao ndio wazipigie hospitali.

Muuguzi (aliyeuliza):
Ahsanteni sana. Hilo la mwisho ndilo nitakalolipeleka kwa mganga mkuu wa wilaya Jumatatu. Mtoto alipokelewa alfajiri akiwa na joto la nyuzi 36.6, kwani mama hakumtoa kifuani njia nzima.