Ukurutu wa usoni kwa fedha kidogo: mafuta ya mgando, siagi ya shea au losheni ya seramidi?

Baba Neema, Makambako

Ndugu zangu, naomba tulinganishe vitu vitatu kwa makini, kwa sababu fedha niliyo nayo inatosha kununua kimoja tu kwa sasa. Binti yangu wa darasa la saba ana ukurutu, ule ambao wengi huuita pumu ya ngozi, nao umejikita usoni: kwenye kope, pembeni mwa mdomo na kushuka shingoni. Huku kwetu, baridi ya Juni hadi Agosti inapokutana na upepo, ngozi yake hukakamaa, hutoa magamba na kuwa nyeusi kuliko sehemu nyingine. Daktari alimwandikia haidrokotisoni ya asilimia 1, dawa ya steroidi isiyo kali ya kutuliza uvimbe na muwasho, ya kupaka siku chache kila ugonjwa unapochachamaa, akasisitiza kwamba kazi kubwa ni kulainisha ngozi kila siku, hata pale isipowasha. Madukani nimeonyeshwa mafuta ya mgando yasiyo na manukato, siagi ya shea kutoka Uganda, na losheni ya nje yenye seramidi ambayo kwa bei yake ningepata makopo kadhaa ya mafuta ya mgando. Je, tofauti hiyo ya bei itaonekana kwenye ngozi?

Mfamasia wa Mwanza

Baba Neema, swali lako limewahi kupimwa. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2022 uliwagawa kwa bahati nasibu watoto 550 wenye ukurutu, wa umri wa hadi miaka 12, katika makundi manne: wa losheni, wa krimu, wa jeli na wa marhamu, yaani mafuta mazito ya kupaka. Katika wiki 16 za kwanza haikuonekana aina iliyozishinda nyingine katika kupunguza dalili. Kweli, hiyo ni nchi nyingine na hali ya hewa nyingine, lakini matokeo yale yanatuondolea dhana kwamba kilicho ghali ndicho kinachotibu.

Mafuta ya mgando huzuia maji yasipotee kwenye ngozi, na kwa kuwa hayana maji ndani yake, hayahitaji vihifadhi, ambavyo ni miongoni mwa vitu vinavyowaletea baadhi ya watu mzio. Losheni ya seramidi hurudisha aina ya mafuta ambayo ngozi yenyewe huyatengeneza, na ukurutu huyapunguza. Ni nyepesi, haing'arishi uso, na mtoto wa shule huipaka bila kununa. Siagi ya shea ni nzuri, ila ubora wake hutofautiana sana kutoka kopo hadi kopo, na ile isiyosafishwa ina harufu ambayo baadhi ya watoto huikataa.

Kwa baridi ya Makambako ningeanza na mafuta ya mgando. Soma kopo kabla ya kulipa, kwa sababu mengi yanayouzwa kwa ajili ya watoto wachanga yana manukato, na picha ya mtoto anayecheka si uthibitisho wa chochote.

Bi Mwanaisha, Unguja

Nakubaliana na mfamasia kuhusu nyanda za juu, lakini ushauri huo usije ukachukuliwa na wakazi wa pwani bila kupimwa. Huku kwetu mwezi wa Februari, ukijipaka mafuta mazito usoni saa mbili asubuhi, kufika saa sita jasho limenaswa chini yake na uso unawasha kuliko ulivyoamka. Mimi hutumia krimu nyepesi isiyo na harufu mchana, na mafuta ya nazi yaliyokamuliwa bila moto usiku, tena kidogo sana.

Jambo jingine, kwa heshima ya bibi zetu: liwa na singo si vitu vya kupaka kwenye uso wenye ukurutu. Vina viungo na maua ya kunukia, na harufu, iwe ya kiwandani au ya kinuni, ni harufu tu kwa ngozi iliyokwisha kuchubuka. Katika harusi za kwetu huwa naona aibu kukataa, lakini hukataa.

Mfamasia wa Mwanza

Bi Mwanaisha ameligusa suala la mafuta ya mimea, nami naongeza jambo ambalo huwashangaza wateja wangu. Watafiti wa Sheffield, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2013, walipaka ngozi za watu wazima mafuta ya zeituni na mafuta ya alizeti. Ya zeituni, ambayo tunayaheshimu sana, yalidhoofisha kinga ya ngozi, ilhali ya alizeti hayakuidhuru. Kwa hiyo asiye na njia nyingine asikimbilie zeituni kwa sababu tu ni ghali na ina sifa. Hata hivyo simaanishi kwamba mchukue mafuta ya alizeti ya Singida yaliyokamuliwa kwa mashine ya mtaani, yenye machicha chini ya dumu, mkayapake kwenye kope.

Mzazi wa Kitui

Mnajadili mafuta huku sabuni ikiendelea kuharibu kila kitu. Sabuni za kawaida za kipande huwa na pH (kipimo cha asidi na alkali) ya kati ya 9 na 10, ilhali uso wenye afya uko karibu na 5, na zile za kuua vijidudu, ambazo wazazi wengi hununua wakidhani ukurutu ni uchafu, hukausha zaidi. Kabla ya kununua losheni ya aina yoyote, mwondolee mtoto sabuni usoni. Asubuhi maji ya uvuguvugu pekee yanatosha.

Jioni, vumbi likiwa jingi, sisi hutumia marhamu nyeupe ya nta na parafini, ambayo kopo lake huandikwa Emulsifying Ointment. Kiasi kidogo hukorogwa katika maji ya moto hadi yawe kama maziwa, yakiisha kupoa mtoto ananawa. Kopo moja hukaa muda mrefu. Msilichanganye na lililoandikwa Aqueous Cream. Hilo aghalabu huwa na sodiamu lauri salfeti, kemikali ile ya kutoa povu, na mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Uingereza ilitahadharisha kwamba linaweza kuwachoma watoto wenye ukurutu, hasa likiachwa kwenye ngozi.

Abu Rayan, Muscat

Sisi tunaoishi Ghuba tuna tatizo la tatu: nje joto kali, ndani kiyoyozi kinachokausha hewa mchana kutwa. Kwa hiyo huwezi kupanga kwa kuangalia ramani peke yake, bali uangalie mahali unaposhinda. Mimi hutumia losheni ya seramidi kazini na mafuta ya mgando nikilala, na ile ya ghali hudumu kwa sababu inapakwa usoni tu. Mwili unapata mafuta ya bei nafuu. Baba Neema, ukipata nafasi ya kununua vyote viwili baadaye, gawa hivyo.

Msusi wa Kinondoni

Naongeza moja kwa wale ambao ukurutu wao uko kwenye kope na haupoi. Angalieni kucha na nywele. Rangi ya kucha huweza kuleta mzio kwenye kope bila kuonyesha kitu kidoleni, kwa sababu ngozi ya kope ni nyembamba na mkono huenda machoni kila mara. Mafuta ya nywele yenye manukato nayo hushuka kwenye paji la uso pamoja na jasho. Na mteja akiniambia anajifukiza udi akiwa na uso wa namna hiyo, humshauri afukize nguo na aache uso.

Jirani wa Kahama

Mbona mnajisumbua? Iko tyubu ya mchanganyiko inayouzwa karibu kila duka la dawa. Ukipaka jioni, asubuhi uso ni laini.

Mfamasia wa Mwanza

Ndugu yangu, ni laini kwa sababu nyingi ya tyubu hizo zina klobetasoli au betamethasoni, steroidi zenye nguvu kubwa kuliko haidrokotisoni, zikiwa zimechanganywa na dawa ya fangasi na ya bakteria. Usoni, zikitumiwa kwa muda, hufanya ngozi iwe nyembamba, huleta vipele kuzunguka mdomo, na karibu na jicho zinaweza kuongeza shinikizo la macho. Ukiacha ghafla, uso huwaka kuliko mwanzo, nawe unalazimika kurudi dukani. Wengine huzitumia kujichubua, ndiyo maana huuzika sana.

Haidrokotisoni aliyoandikiwa Neema isichanganywe na hizo, wala isiogopwe kwa sababu ya hizo. Kipimo chake ni mstari wa dawa kuanzia ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima hadi kiungo cha kwanza, karibu nusu gramu, ambao hutosha eneo la viganja viwili. Kwenye kope afuate maneno ya daktari pekee. Ugonjwa ukirudi kila dawa inapokoma, aulize kuhusu marhamu ya takrolimasi, ambayo si steroidi: haipunguzi unene wa ngozi, ingawa huunguza siku za mwanzo na bei yake si ya kila mtu.

Na yakitokea malengelenge madogo yaliyokusanyika, yanayouma badala ya kuwasha, pamoja na homa, hayo si ya kujadili hapa. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Baba Neema, Makambako

Nawashukuru. Nitaanza na mafuta ya mgando, sabuni naiondoa leo, na rangi ya kucha aliyopewa na shangazi yake nitazungumza na shangazi kwanza. Swali la mwisho: haidrokotisoni na mafuta, kipi kitangulie?

Mfamasia wa Mwanza

Chochote kinaweza kutangulia, mradi uache nafasi ya karibu nusu saa kati yake, ili mafuta yasiisambaze dawa kwenye ngozi isiyoihitaji. Mafuta yapakwe uso ukiwa bado na unyevunyevu baada ya kunawa, kwa kushusha kidole kufuata vinyweleo bila kusugua, na achote kwa kijiko kisafi kuliko kutia vidole ndani ya kopo. Kabla ya yote hayo, ajaribu kidogo kwenye mkunjo wa kiwiko kwa siku chache.