Naomba ushauri: uzamili wa uongozi na sera ya elimu ya juu, au nichukue MBA kama bosi anavyotaka?

Binti Tabata

Habari za jioni wanajamvi. Shikamooni mlionizidi umri.

Naombeni mawazo yenu, hasa mliowahi kufanya kazi vyuoni. Nina miaka 34, nina mume na watoto wawili. Huu ni mwaka wa saba niko ofisi ya udahili kwenye chuo kimoja binafsi hapa Dar. Shahada yangu ya kwanza ni ya ualimu, GPA 3.4. Nataka kusoma uzamili, na moyo wangu uko kwenye uongozi na sera ya elimu ya juu. Bosi wangu anasema huko ni kupoteza hela, nichukue MBA, yaani uzamili wa usimamizi wa biashara, nipande cheo haraka.

Niwaambie kilichonisukuma. Msimu uliopita, muda wa kuthibitisha udahili ukiwa umeshapita, alikuja dirishani mama mmoja kutoka Sumbawanga na binti yake. Walikuwa wametoka stendi moja kwa moja. Mama ameshika bahasha ya kaki, vyeti vimefungwa kwenye nailoni ndani yake visije vikalowa. Binti alichaguliwa vyuo viwili, na kwa utaratibu wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, aliyechaguliwa zaidi ya chuo kimoja lazima athibitishe anakokwenda kwa namba maalumu ya siri inayotumwa kwenye simu. Namba ile ilikwenda kwa kijana wa steshenari aliyemjazia maombi, maana aliweka simu yake mwenyewe. Na kijana alishafunga duka, hapatikani.

Tulihangaika, akapata nafasi awamu iliyofuata, ila kozi aliyoitaka ilikuwa imejaa. Yule mama hakupaza sauti hata kidogo. Aliniuliza tu, "Sasa mwanangu, hapo kosa ni la nani?" Nikashindwa kumjibu, na mpaka leo sina jibu.

Mambo kama hayo nayaona kila msimu. Nataka nifike pale taratibu hizi zinapopangwa.

Upande wa fedha, bado nakatwa asilimia 15 ya mshahara na Bodi ya Mikopo. Kuacha kazi siwezi, labda nipate ufadhili. Nianzie wapi?

Mkazi wa Kinondoni

Pole na hongera dada. Nenda Chuo Kikuu Huria, pale Kinondoni Biafra. Wana uzamili wa elimu katika utawala, mipango na sera, na mimi nimeupitia nikiwa kazini. Chuo kile kilianzishwa mwaka 1992 kwa ajili ya watu kama sisi wenye ajira na familia. Nilikuwa naamka saa kumi usiku nasoma mpaka watoto waamke, Jumamosi nashinda maktaba.

Nikutahadharishe jambo moja. Mifano mingi darasani ni ya shule: mwalimu mkuu, afisa elimu, kamati ya shule. Elimu ya juu itabidi uivute mwenyewe kwenye kazi unazoandika na kwenye tasnifu. Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nao Shule Kuu ya Elimu wana uzamili wa upande huo wa uongozi wa elimu, ila ulizia ratiba ya vipindi kabla hujalipia fomu.

Sinza Damu

Mimi niko upande wa bosi wako, tusimseme vibaya. Chuo binafsi kinaishi kwa ada. Wanafunzi wakipungua mia mbili mishahara inachelewa. Anayejua bajeti na masoko ndiye anayeitwa kwenye vikao. Ukiwa na MBA unaweza kuhamia benki au popote. Huo uzamili wa sera za vyuo ukigombana na mwajiri wako utaupeleka wapi?

Nyota ya Kimara

Dada, kabla ya kuuliza chuo gani, uliza nani atakusimamia tasnifu. Mimi kozi za darasani nilimaliza kwa mwaka mmoja, tasnifu ikachukua mitatu. Sura ya kwanza ilikaa mezani kwa msimamizi miezi minane. Kila nikienda naambiwa yuko safari. Chuo sikitaji.

Ila na mimi niliingia bila swali, nikabadilisha mada mara nne, na kila nikibadilisha naanza upya na mtu aliyeshachoka. Wewe swali unalo tayari. Umeulizwa na yule mama.

Msajili Mstaafu

Marahaba mwanangu. Nimefanya kazi kwenye utawala wa vyuo miaka 27, sasa nimepumzika Kibamba. Nitaandika kwa urefu, univumilie.

Kwanza ujue unaelekea upande upi. Vyuoni kuna watumishi wa taaluma na watumishi waendeshaji. Ukitaka uhadhiri, matangazo ya vyuo vya umma mara nyingi yanadai GPA ya 3.8 kwa shahada ya kwanza na 4.0 kwa uzamili, kwa hiyo 3.4 yako itakukwamisha mlangoni. Usisome kwa tamaa hiyo. Upande wa uendeshaji, yaani udahili, usajili, uthibiti ubora, mipango, huko uzamili huu unakufaa hasa. Makamu mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1970, Pius Msekwa, alitoka kwenye utumishi wa Bunge na chama. Siku hizi kiti hicho wanakalia maprofesa, lakini wanaokifanya chuo kitembee kila siku ni watu wa dirishani kama wewe.

Sinza Damu hajakosea kuhusu ada. MBA itakufundisha kusoma hesabu za taasisi, na nimeona vyuo vikiyumba kwa kukosa mtu wa kuzisoma. Lakini haitakueleza kwa nini Seneti, kile chombo kikuu cha taaluma chuoni, inaweza kukataa jambo ambalo menejimenti imeshalipitisha, wala kwa nini mkuu wa idara anamsikiliza zaidi mwenzake wa fani yake aliye chuo kingine kuliko mkurugenzi wa utawala aliye ghorofa ya juu. Nimeona mameneja hodari kutoka makampuni wakishindwa vyuoni ndani ya mwaka mmoja kwa kutolijua hilo.

Sasa swali la yule mama. Mwaka 2010 TCU ilileta mfumo wa pamoja wa udahili: mwombaji anaomba sehemu moja, mfumo unampangia chuo. Hapakuwa na mtu mmoja kushika nafasi tatu. Watu walilalamika kwamba vyuo vinapangiwa wanafunzi visivyowachagua na watoto wanapelekwa wasikotaka. Mwaka 2017 mfumo ukaondolewa, waombaji wakarudi kuomba moja kwa moja vyuoni. Hapo mtu mmoja akawa anachaguliwa vyuo viwili, vitatu, na ndipo ikahitajika namba ya kuthibitisha. Kwa hiyo namba iliyompotea binti yule ilikuja kutibu tatizo lililozaliwa na tiba ya tatizo jingine. Aliyeipanga, nadhani, alifikiria mwombaji mwenye simu yake mkononi. Wa steshenari hakumfikiria. Fuatilia hapo. Una miaka saba ya kuona kwa macho, na hakuna mhadhiri atakayekupa hiyo.

Huria kunatosha kwa kuanzia. Mwombe mwajiri barua ya ruhusa kwa maandishi, na uulize mapema kama atakubali utumie takwimu za ofisi. Watu wengi wanakwama hapo baada ya kulipa ada.

Mama Wawili Ughaibuni

Usiufunge mlango wa ufadhili, dada. Kuna uzamili wa Erasmus Mundus, mpango wa ufadhili wa Umoja wa Ulaya, unaoitwa MARIHE, wa utafiti na ubunifu katika elimu ya juu, ulioanza mwaka 2012. Unaendeshwa na vyuo kadhaa kwa pamoja, kikiwemo cha Krems kule Austria na cha Tampere, Ufini. Ni miaka miwili, na unahama nchi. Kwa mwenye watoto wadogo hilo si jambo dogo, naongea ninayoyaishi. Ufadhili wa Chevening wa Uingereza ni wa mwaka mmoja, wanataka uwe na saa 2,800 za kazi, ambazo wewe umeshazipita mbali, na ukimaliza lazima urudi nyumbani angalau miaka miwili. Maombi kwa kawaida hufunguliwa Agosti.

Popote utakapokwenda, hakikisha TCU watakitambua hicho cheti kabla hujapanda ndege. Hasa hizi shahada za mtandaoni zinazotangazwa kila kona.

Binti Tabata

Nimesoma kila neno, nimesoma na mume wangu pia. Asanteni sana.

Mzee wangu, nilikuwa sijawahi kuunganisha ile namba na mwaka 2017. Nimeingia ofisi hii mfumo wa zamani ukiwa umeshaondoka, nikadhani ndivyo ilivyo siku zote. Leo mchana nimepitia daftari letu la malalamiko ya msimu uliopita. Wenye tatizo la simu isiyo ya kwao niliowahesabu kwa haraka ni 41, na hao ni walioweza kufika dirishani.

Jumamosi naenda Biafra kuulizia fomu na kumtafuta atakayeweza kunisimamia. Barua kwa bosi nimeanza kuiandika. Chevening nitajaribu Agosti, nikikosa niwe tayari nimeshaanza.

Msajili Mstaafu

Hao 41, usiandike majina yao popote. Andika wilaya waliyotoka na nani aliwajazia maombi. Ukifika kurasa mbili nitumie inboksi, nitazisoma.