Naomba ushauri: mpwa wangu ameitwa kukimbia chuo Marekani, hela za michezo zitamfikia?

Wakuu, habari za leo. Mpwa wangu anakimbia mita 5,000, na kocha wa chuo kimoja cha Marekani amemwahidi ufadhili wa masomo. Nyumbani Mbulu ni furaha tupu. Mimi ndiye ninayesoma karatasi, na kuna mambo yananinyima usingizi.

Juni 2025 mahakama ya Marekani iliidhinisha makubaliano ya kesi ya mwogeleaji Grant House dhidi ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo huko. Tangu Julai mwaka huo, chuo kilichojiunga na makubaliano hayo kinaweza kuwalipa wanamichezo wake moja kwa moja; kikomo cha mwaka wa kwanza (2025/26) kilikuwa kama dola milioni 20.5 kwa chuo. Lakini mgawo kinaamua chuo chenyewe, na fungu nono linakwenda kwenye futiboli ya Kimarekani na mpira wa kikapu, maana ndiko hela za televisheni zinakotoka. Wakimbiaji wanaambulia makombo, kama wanapata kitu. Tena vyuo hivyo vimewekewa kikomo cha wachezaji: mbio za nyika wanaume 17 tu. Kijana akiumia goti, nani atamtetea?

Halafu viza ya mwanafunzi inabana sana kazi za malipo. Hapo ndipo naogopa zaidi, asije akasaini tangazo la viatu akarudishwa nyumbani.

Mliopitia huko, au wenye vijana huko: tuulize nini kabla hajasaini? Tudai ufadhili uandikwe wa miaka minne? Na akiumia, matibabu analipa nani?