Kijiji cha mababu hakionekani kwenye ramani: nikate tiketi au nisubiri?

kitukuu_4

Wakuu, habari za humu. Tunapanga safari ya kifamilia kwenda nchi alikotoka babu mzaa babu. Tuko wanne, mmoja ni mama wa miaka 70 na ushee. Tulicho nacho mkononi: jina lake na la baba yake, jina la kijiji kama wazee walivyolitamka, mwaka wa kuhama unaokadiriwa kati ya 1890 na 1900, na picha mbili zisizo na maandishi nyuma. Kijiji nimekitafuta kwenye ramani ya simu, hakipo. Kuna chenye jina linalokaribiana, ila kiko kama kilomita 200 kutoka upande ambao wazee walikuwa wanautaja.

Naomba kujua: nithibitishe nini kabla ya kulipia tiketi? Tukifika tuanzie wapi? Na siku kumi zinatosha?

Nyaraka_Kale

Usikate tiketi kwanza. Unatafuta kijiji, wakati kumbukumbu hazikutunzwa kwa kijiji. Zilitunzwa pale palipokuwa na karani: parokia, manispaa, wilaya, mahakama. Kitongoji cha nyumba thelathini kinaweza kuwa kiliandikwa kwenye daftari la parokia iliyo ng'ambo ya mto, na hilo jina la parokia ndilo unalolihitaji kuliko la kijiji.

Andika jina la kijiji kwa kila namna linavyoweza kusikika. Badilisha r na l, b na v, p na f, k na g. Toa silabi ya mwisho. Tenganisha neno moja yawe mawili. Halafu litafute kwenye ramani na orodha za mahali za wakati ule, si za leo. Lviv ya Ukraine ni Lemberg kwenye hati za Waaustria, Lwów kwenye za Wapoland, Lvov kwenye za Wasovieti. Anayejua jina moja tu anapitwa na hati za vipindi vingine vyote. Kwa Dola ya Ujerumani kuna orodha ya mahali ya 1912 iliyowekwa bure mtandaoni, na inaonyesha kila kitongoji kilikuwa chini ya ofisi gani ya usajili. Hicho cha kilomita 200 kisikudanganye: majina yenye maana ya "kilimani" au "kijiji kipya" yanajirudia kila mkoa.

Pia chimba kule alikohamia kabla ya kule alikotoka. Hapa ndipo wengi wanaparuka. Cheti cha ndoa, cha kifo, maombi ya uraia, daftari la kanisa au msikiti, orodha ya abiria. Kwa waliofika Marekani kuanzia 1907, orodha ya abiria ina mahali pa kuzaliwa pamoja na jina na anwani ya ndugu wa karibu aliyebaki nyumbani. Babu yako kama alitangulia, fuata mdogo wake, shemeji au binamu aliyekuja nyuma yake. Anwani mara nyingi ni ileile. Vibarua wa mkataba waliotoka India kwenda Mauritius kuanzia 1834 waliandikishwa kwa namba, na rejesta zao zilizoko Mahatma Gandhi Institute, Moka, zinataja kijiji na wilaya. Ukiwa na namba umemaliza nusu ya kazi.

Na ile hadithi kwamba makarani wa Ellis Island, kituo cha kupokea wahamiaji New York, waliwabadilishia watu majina, achana nayo. Walikuwa wakisoma orodha iliyoandaliwa na kampuni ya meli kwenye bandari ya kuondokea. Majina yalibadilika baadaye, mara nyingi na wenyewe.

mzee_wa_shortcut

Mbona mnamzungusha? Pima DNA, mate kwenye kichupa, unaambiwa ulikotoka. Basi.

Dada_Masjala

Mkuu, kipimo hakitaji kijiji. Zile asilimia za nchi ni makadirio ya kulinganisha na watu waliomo kwenye hifadhidata ya kampuni, na kampuni mbili zinaweza kukupa majibu tofauti kwa mate yaleyale. Chenye faida ni orodha ya ndugu waliopatikana. Binamu wa kwanza hushirikiana wastani wa asilimia 12.5 ya DNA, wa pili kama 3.1, wa tatu kama 0.8. Kwa binamu wa nne, karibu nusu yao hamtaonyesha uhusiano wowote japo ni ndugu wa kweli. Kwa hiyo apimwe mkubwa kabisa aliye hai, yaani huyo mama kama damu ya babu iko upande wake, si mjukuu. Kila kizazi kinachoshuka kinapunguza nusu. Na ujue si kila nchi inaruhusu: Ufaransa inakataza vipimo hivi vya kununua mwenyewe, na kuna faini.

Kipimo kiende sambamba na karatasi. Kuhusu karatasi naongezea haya.

Usidhani daftari liko kijijini. Mara nyingi la zamani lilishapelekwa kwenye nyaraka za taifa, za mkoa au za dayosisi, na kijijini wamebaki na la miaka ya karibuni. Au halipo kabisa. Ireland, Juni 1922, ofisi ya kumbukumbu za umma Dublin iliteketea pamoja na karibu sensa zote za 1821 hadi 1851. Madaftari ya Wakatoliki yalipona kwa sababu yalikuwa parokiani. Sensa za 1901 na 1911 zipo na zinasomwa bure mtandaoni. Mtu asiyejua hili anapanda ndege kwenda kuomba kitabu kilichoungua miaka mia iliyopita.

Angalia kwanza kama daftari lenu limeshapigwa picha. FamilySearch, tovuti ya kumbukumbu za koo, ni bure, ila baadhi ya picha hufunguka tu ukiwa kwenye vituo vyao. Tafuta kwa jina la mahali kwenye katalogi, usitegemee kutafuta kwa jina la mtu, maana madaftari mengi yana picha lakini hayajaorodheshwa majina. Unasoma ukurasa kwa ukurasa, hakuna njia nyingine.

Kama halimo, andikia masjala wiki sita hadi nane kabla ya safari, kwa lugha yao, barua fupi: mahali, miaka, aina ya daftari, tarehe mtakayofika. Uliza mambo manne: liko jengo lipi, lazima niagize siku ngapi kabla, naruhusiwa kupiga picha, mnafunga siku zipi. Uliza pia ukomo wa faragha. Ufaransa, kwa mfano, rekodi za vizazi hazifunguliwi kwa kila mtu hadi ipite miaka 75. Chumba cha kusomea kwa kawaida ni penseli tu, begi linabaki nje, na unaonyesha pasipoti.

Ukilifungua daftari la Kikatoliki, usisome mstari wa mtoto peke yake. Soma pembeni: tangu 1908 kanisa lilitaka ndoa iandikwe kwenye ukingo wa rekodi ya ubatizo, kwa hiyo pale unaweza kukuta mke, tarehe na parokia aliyohamia. Soma na majina ya wasimamizi wa ubatizo. Hao huwa mashangazi na wajomba mara nyingi kuliko unavyofikiri.

Mitego miwili ya kuangalia. Jina la ukoo linaweza lisiwe la ukoo: Norway mtu aliitwa kwa jina la shamba analokaa, akihama shamba jina linabadilika, na ndugu wawili wa tumbo moja wanaonekana kama wageni. Uturuki majina ya ukoo yalilazimishwa na sheria ya 1934; kabla ya hapo utafute jina, la baba na mtaa. Wa pili ni kalenda. Urusi iliruka kutoka 31 Januari hadi 14 Februari 1918. Uingereza ilikata siku 11 mwaka 1752 na kuhamisha mwaka mpya kutoka 25 Machi hadi 1 Januari. Ukikuta mtoto amebatizwa kabla ya kuzaliwa, angalia kalenda kabla ya kumlaumu karani.

kitukuu_4

Asanteni sana, dada na mkuu Nyaraka. Mama ndiye mwenye damu hiyo, kwa hiyo atapimwa yeye. Tukishapata parokia, tukifika kijijini tuanze makaburini au kwa watu? Na makaburi ya miaka hiyo yatasomeka?

fundi_mawe

Inategemea nchi. Ujerumani kaburi ni la kukodi, kwa kawaida miaka 20 hadi 30. Mkataba ukiisha na hakuna wa kulipia, jiwe huondolewa na mahali pale huzikwa mwingine. Kule usitafute jiwe la 1890 makaburini, tafuta daftari la mazishi. Kwingine mawe yapo lakini yamelika.

Jiwe lililolika lisome kwa mwanga wa ubavuni. Nenda asubuhi mapema au jioni, jua likiwa chini. Kama jiwe limeangalia upande usio na jua, mmoja ashike kioo, kile cha kujitazamia chenye urefu wa mkono kinatosha, asimame pembeni na kurusha mwanga ukate uso wa jiwe kwa mshazari, karibu sambamba nalo. Herufi zilizokuwa hazionekani zinatupa vivuli na unazisoma. Sogeza kioo kidogo kidogo, maana 3 na 8 hutofautishwa na kivuli cha upande mmoja tu. Piga picha nne: jiwe zima, maandishi kwa karibu, nyuma ya jiwe, na safu nzima ya makaburi ili jirani zake waonekane. Wanaozikwa pamoja mara nyingi ni ndugu.

Maji safi na brashi laini ya nyuzi za mimea, basi. Povu la kunyolea, chaki, unga, bleach, brashi ya waya: hapana. Povu lina asidi inayobaki kwenye vitundu vya jiwe na kulila polepole hata ukiosha. Jiwe linalomeguka au linalotoa sauti ya utupu ukiligusa, usiliguse tena.

Miaka iliyochongwa huenda si ya kalenda uliyoizoea. Ya Kiislamu usijumlishe 622 tu, kwa sababu mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kama 11: zidisha kwa 0.97 ndipo ujumlishe 622, 1318 inakuja 1900. Ya Kiyahudi mara nyingi huachwa zile elfu tano za mwanzo, kwa hiyo 660 jumlisha 1240, nayo inakuja 1900. Faida ya makaburi ya Kiyahudi ni kwamba jina la baba huchongwa.

Bi_Nasaba

Mimi ningesema watu kwanza, ila si kwa kubisha hodi mlango wa kwanza. Pitia kwa kiongozi wa dini, mwalimu au ofisi ya kijiji, mmoja apige simu kabla hamjafika. Mgeni anayeuliza "ardhi ya babu yangu ilikuwa wapi" anasikika kama mtu aliyekuja kudai urithi, na hapo midomo hufungwa. Swali la shamba liache la mwisho, na mwanzoni kabisa sema hamdai chochote.

Beba nasaba iliyochapwa kwa herufi kubwa ikiwa na nafasi tupu, na nakala za zile picha, si asilia. Mzee akiona nafasi tupu anaijaza. Akiona karatasi nyeupe anakwambia hakumbuki. Usiulize mwaka, uliza "alikuwa amezaliwa kabla au baada ya ile njaa, ile vita, lile daraja". Uliza wanawake waliolewa wapi, kwa sababu vitabu vingi vya koo, mfano vya China na Korea, vimejaa wanaume na mabinti wameachwa nje. Rekodi sauti kwa ruhusa, na kila jina litamkwe mara mbili.

Tena kumbukumbu za ukoo zinaweza kutunzwa mbali na kijiji. Huko Haridwar, India, wapo makuhani wenye vitabu vya nasaba vilivyopangwa kwa wilaya na kijiji cha asili. Ukienda na jina la ukoo pekee unarudi mikono mitupu.

Siku kumi zinatosha kwa wilaya moja, si mbili. Siku mbili za kwanza masjala, siku tatu au nne kijijini na makaburini, moja ya mama kupumzika, na mbili za mwisho masjala tena. Hizo mbili zisitolewe sadaka kwa utalii: kijijini mtapewa majina ambayo hamkuwa nayo mlipofungua daftari mara ya kwanza. Hesabu msiangukie Ijumaa, wikendi au sikukuu yao.

kitukuu_4

Nimewasoma. Tiketi inasubiri. Naanza na cheti cha kifo cha mdogo wake, alifia huku 1931.

Nyaraka_Kale

Omba nakala kamili, usikubali muhtasari. Muhtasari mara nyingi huacha majina ya wazazi na mahali pa kuzaliwa.