Nataka kuhamia upande wa usalama wa utambulisho, nianzie wapi wakuu?

Mdau_wa_Java: Habari zenu wakuu. Naandika Java upande wa seva hapa Dar, na kazi ninayoipenda kuliko zote ni ya logini, nani kaingia, anaruhusiwa nini, tokeni yake (kibali cha kidijitali anachopewa akiingia) inakufa lini. Nataka nije kuwa msanifu wa mifumo hukohuko. Wengine wananiambia nilipie vyeti kwanza, wengine niingie opensosi, nichangie programu zilizo wazi kwa wote. Mlioko huko mnasemaje?

Seva_Haizimwi: Anza na Keycloak mkuu, programu ya opensosi ya kusimamia logini, ni Java ileile. Ilitoka 2014 kwa watu wa Red Hat, 2023 ikaingia CNCF, taasisi inayolea miradi ya opensosi, na kodi yote (maandishi ya programu) ipo GitHub. Usikimbilie kuleta kitu kipya. Isimamishe kwenye mashine yako, unganisha programu mbili uone mtu akiingia moja anakuta na ya pili ishafunguka, halafu nenda kwenye bagi (hitilafu) walizoripoti watu, chukua moja, ifanye itokee tena kwako, andika jaribio linaloionyesha. Mchango wa namna hiyo unapokelewa vizuri, na ukienda intavyuu unawaonyesha linki tu.

BintiTanga: Naongezea, soma RFC zenyewe, hati za viwango vya intaneti. OAuth 2.0, utaratibu wa kuipa programu ruhusa kwa niaba ya mtumiaji, ni RFC 6749 ya 2012, ukimaliza soma RFC 9700 ya 2025 uone yaliyokuja kukataliwa, kama programu kuchukua paswedi ya mtumiaji yenyewe, au tokeni kurudishwa kwenye anwani ya brauza ambako inabaki kwenye historia. Kujua ilikataliwa kwa nini ndiko kunakomtofautisha msanifu na mtu wa kunakili kodi.

Mdau_wa_Java: Asante dada. Na OpenID Connect inakaa wapi hapo?

BintiTanga: Juu ya OAuth, ni ya 2014. OAuth inasema programu imeruhusiwa nini, OpenID Connect inasema aliyeingia ni nani. Watu wanachukua tokeni ya ruhusa wanaifanya kitambulisho, kumbe ilitolewa kwa programu nyingine kabisa na mtu mbaya anaileta kwako. Kagua kila mara tokeni imeandikiwa nani, hapo sina masihara.

Kijana_Nairobi: Na uwe na subira buda. Unakumbuka kisa cha xz 2024, ile programu ya opensosi ya kubana mafaili? Mtu alichangia vizuri miaka kama miwili hivi, akaaminiwa mpaka akapewa mamlaka kwenye mradi, ndo akaficha mlango wa nyuma, na mhandisi Andres Freund akaugundua kwa kushangaa mbona logini za SSH (njia ya kuingia seva kwa mbali) zinachelewa karibu nusu sekunde. Kwa hiyo kodi yako ikikaa wiki kadhaa bila kupokelewa usinune, inagusa logini za watu wengi sana, lazima ikaguliwe mstari kwa mstari. Wewe jibu maswali yao kwa upole, wakikuambia urekebishe rekebisha. Vyeti mwajiri atakulipia baadaye.