Tupeane uzoefu: mliotembea Mlima Kilimanjaro njia ya Marangu, kambi ya Mandara mpaka ya Horombo, bila kwenda kileleni

Mleta mada:
Wakuu habari za jioni. Kila nikiingia mtandaoni nakuta picha za kilele cha Uhuru Peak tu, bango na bendera, huku chini hakuna anayepaongelea na mimi ndo napapenda. Toka geti la Marangu mpaka Mandara ni kama kilomita 8 za msitu mtupu, unaenda na kurudi siku hiyohiyo. Nilienda na binti zangu likizo, walitaka theluji, wakaishia kuganda chini ya mti mmoja wanaangalia mbega wanavyoruka na ile mikia meupe. Alafu pembeni ya vijito kuna kile kiua chekundu na njano kilichopinda kama mkonga wa tembo, Impatiens kilimanjari, hakioti kwingine kokote duniani zaidi ya mlima huu. Na hapo hujafika hata mita 2,720 za Mandara! Mliopita njooni mseme mliona nini.

Mdau wa Mwika:
Mkuu umegusa penyewe. Sisi tuliozaliwa chini ya huo msitu tunaujua kwa maji. Mama alikuwa anasema ukungu ukishinda juu, mfongo, yaani mfereji wa maji wa kihambani, haukauki, na siku napanda nikayaona mwenyewe, mvua hamna lakini matawi yanadondosha maji tu, ukungu unanasa kwenye majani na kwenye zile ndevundevu za kijivu zinazoning'inia alafu unashuka chini tone kwa tone. Nilisimama pale muda mrefu kwa kweli.

Mgumu wa zamani:
Shikamooni wakubwa. Mimi nimebeba mizigo njia hiyo miaka mingi, watu wanapita wameinamisha vichwa wanawaza kilele tu. Ukilala Mandara, asubuhi na mapema kabla mawingu hayajapanda nenda kreta ya Maundi, ni robo saa hivi, zunguka ukingo wake, anga likiwa safi unaona Taveta kule Kenya na Ziwa Jipe. Ukitoka hapo msitu unakatika, unaingia kwenye vichaka vya erika, vijani vyake vidogovidogo kama sindano, upepo na jua vinakupiga pamoja, na mbele yako kilele cha Mawenzi na miamba yake iliyochongoka. Mimi Mawenzi naipenda kuliko Kibo yenye Uhuru Peak na sitabadilika. Ukifika Horombo, mita 3,720, pumzika siku nzima mwili uzoee hewa, alafu panda taratibu mpaka Zebra Rocks, ukuta wa mwamba wenye mistari myeusi na myeupe, maji yenye madini ndo yaliyouchora. Tena hayo majina, Horombo na Mandara, ni ya mamangi, yaani machifu, wa Kichaga, waambieni watoto.

Dada wa Moshi mjini:
Kaka hapo kwenye erika ndo panaponiuma. Ule moto wa Oktoba 2020 ulianzia Whona, katikati ya Mandara na Horombo, usiku tulikuwa tunauona toka huku mjini, mamia ya watu wakapanda kwenda kuuzima kwa matawi na majembe. Nilipita baadae, mashina meusi kushoto kulia, nikalia. Lakini ukiinama ukaangalia shinani unakuta erika inachipua upya, kijani kabisa. Jamani mnaopanda, msiwashe moto njiani, na kichungi cha sigara rudi nacho mfukoni.

Mdau mgeni:
Nimesoma zote. Naomba kujua kwa Mandara tu nahitaji nini na niende lini?

Mleta mada:
Mwongozaji ni lazima hata kama ni siku moja. Koti la mvua usiache, viatu visivyoteleza, chakula na maji, na uwe getini asubuhi. Masika, Machi mpaka Mei, njia ni tope, nenda Januari au Februari, au subiri kuanzia Juni. Na nyie wa njia za Machame na Umbwe mbona kimya, msitu wa upande wenu ukoje?