Afraid, scared, frightened, terrified: darasani nizitofautisheje?

MwalimuWaJioni
Wakuu, habari zenu. Nafundisha Kiingereza watu wazima, darasa la jioni. Wanakuja wamechoka na kazi lakini maswali yao ni mazito. Juzi mmoja kaleta ujumbe: "I'm afraid your application was not successful." Anataka kujua aliyeandika anaogopa nini, wakati aliyekosa nafasi ni yeye. Hapo darasa likachangamka. Afraid, scared, frightened, terrified, kamusi zao zote zinajibu "-enye hofu" na kuishia hapo. Mtu anayezitumia kila siku anachaguaje? Na upande wa kutisha je?

Mkalimani
Mwalimu, hiyo ndiyo kazi yangu, hospitalini zaidi na mara nyingine mahakamani. Anza na mahali neno linapokaa. Afraid haitangulii nomino. Utasema the child is afraid, lakini mtoto mwenye hofu ni a frightened child au a scared child. An afraid child hutaisikia kwa wenyewe.

Kisha waonyeshe kinachofuata. Afraid to jump ni mtu yuko ukingoni na miguu imegoma. Afraid of falling ni lile analodhani litampata. Kuruka unaamua, kuanguka huamui, ndiyo maana afraid to fall si kawaida.

Scared ndilo neno la mdomoni, la watoto, marafiki na ujumbe wa simu. Frightened ni rasmi kidogo, na inakaa vizuri panapokuwa na tukio: frightened by the noise. I fear dogs ni sarufi safi ila inanuka kitabu. Watu husema I'm scared of dogs. Terrified naiweka akiba. Mgonjwa akiniambia "nilitetemeka mwili mzima, sauti haitoki", hapo naitoa.

Kwenye kutisha ndipo naomba utumie kipindi kizima. Shahidi anasema, "Alinitisha." Kwa Kiswahili sentensi imekamilika, lakini Kiingereza kinanidai nichague. He scared me: alimtia hofu, pengine hata hakukusudia. He threatened me: alimwonyesha kwamba atamdhuru. Ya kwanza inaweza kuwa bahati mbaya tu, ya pili inaweza kumfikisha mtu kizimbani. Sikisii kamwe. Naomba ruhusa nimuulize shahidi: alikushtua, au alikutishia? Na katikati kuna intimidate. Huyu hakutamka neno, alisimama mlangoni, akakukazia macho mpaka ukaacha kusema ulilotaka kusema. Watu wengi wamefanyiwa hivyo wakakosa pa kulieleza, kwa hiyo wafundishe neno hili mapema.

MsomajiWaUsiku
Naongeza -ed na -ing. I'm frightened, nina hofu. I'm frightening, mimi ndiye ninayetisha watu. Mwanafunzi akichanganya hapo anajigeuza zimwi. Pia terrific: asili yake ni Kilatini terrere, kutisha, na zamani ilimaanisha kitu cha kutisha kweli. Leo ni sifa. Mtu akisema kazi yako ni terrific, shukuru.

MwalimuWaJioni
Asanteni sana. Mkalimani, daktari akisema I'm afraid, wewe unamfikishiaje mgonjwa?

Mkalimani
Siwezi kusema "daktari anaogopa". Mgonjwa amelala pale anamsoma daktari usoni. Akisikia anaogopa, ataona yamekwisha, hata kama habari yenyewe ni kipimo kurudiwa tu. I'm afraid the results are not good naipeleka hivi: "Nasikitika kukuambia, majibu si mazuri." Kama daktari mwenyewe hana uhakika, I'm afraid it may be broken, natumia "nachelea huenda umevunjika". Kuchelea inabeba hofu na adabu kwa pamoja, na wazee wanaielewa mara moja.

Majibu mafupi wayakariri kwa sauti: I'm afraid so ni "ndiyo, kwa bahati mbaya", I'm afraid not ni "hapana, samahani". Na hapo wazuie kuweka scared. I'm scared not haipo, na I'm scared your application was not successful itamfanya msomaji aulize umepatwa na nini.

MsomajiWaUsiku
Startle usiisahau, mwalimu. Ni kule kushtuka kwa ghafla mlango ukibamizwa: unaruka, unatazama, unaendelea na kazi.